Siku Niliyombadilisha Bibi Kabila

Nilipokuwa na umri wa miaka tisa nilimbadilisha bibi yangu kabila mbele ya wanawake saba, yeye mwenyewe akiwa wa nane, kwa ajili ya kijiti cha asumini kisichozidi urefu wa kidole changu. Nimefanya makosa mengine baadaye, yakiwamo kununua baiskeli bila kujua kuipanda, na kukataa kazi Tanga kwa sababu nyumba waliyotaka kunipa haikuwa na ua wa nyuma. Lakini hilo la asumini ndilo ninaloanza nalo kila ninapoulizwa kama nina akili timamu.

Kumbukumbu yake huja kwa pua. Juma lililopita binti wa dada yangu alirudi kutoka harusini, kikuba bado kimebanwa kifuani, asumini zake zimeanza kugeuka rangi ya chai. Alipita tu mbele yangu kwenda kuvua viatu. Nami, mtu wa ndani ambaye hata chumvi huagiza, nikawa nimekwishafika Bagamoyo, uani kwa Bi Shufaa, Alhamisi baada ya alasiri, katikati ya harufu ya asumini, udongo uliotoka kumwagiwa maji, na kutu ya madebe.

Madebe yenyewe yalikuwa ya mafuta ya taa, yametobolewa matako kwa misumari. Ndani yake wanawake wale walipanda mawaridi, rehani, asumini, na lolote lenye harufu. Hawakuuza hata ua moja. Kila Alhamisi walijitwika madebe yao, wakayapanga kwenye sakafu ya uani kwa Bi Shufaa, wakakaa kuyasifu, kuyaponda, kutoa wadudu kwenye majani na kutunga vikuba. Waume zao walikiita Chama cha Madebe kwa kejeli. Wao wakalipokea jina hilo bila kukasirika, wakaendelea.

Wenzangu wa rika langu saa hizo walikuwa nje wanacheza rede. Mimi nilikuwa mzito wa kukimbia na mwepesi wa kusikiliza, kwa hiyo nilimbebea bibi debe lake dogo, nikakaa nyuma ya mgongo wake na kusikia mengi yasiyonihusu. Bibi aliniita mke mwenza, kama mabibi wengi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kike, na alidai kwamba babu aliondoka duniani mapema ili asilazimike kunilisha.

Chama kile kilikuwa na taratibu zake. Mche haukuuzwa, na aliyepewa mche hakusema ahsante, maana ukishukuriwa unakufa. Kubwa kuliko yote, mche haukuingia debe la mtu bila nasaba. Anayetoa alitakiwa kueleza ulikotoka: waridi hili nilipewa na fulani wa Pangani, naye alipewa na mkwewe, na mkwewe alikuja nalo kutoka Lamu. Bi Shufaa, mwenye nyumba, mwanamke mrefu, mweupe, asiyeinua sauti, alisikiliza nasaba hizo amefumba macho kama kadhi anayesikiliza ushahidi. Na kwa kuwa nasaba ya mche haiendi bila ya mwenye mche, kila Alhamisi tulipata pia habari za mababu. Huyu babu yake alitoka Shihiri, yule bibi yake alikuwa Mngazija, mwingine ni Mshirazi tangu na tangu. Ungewasikiliza, ungedhani Bagamoyo nzima ilishushwa kutoka vyomboni. Hakuna hata mmoja ambaye mtu wake alikuja kwa miguu.

Isipokuwa Bi Tatu. Yeye alikaa nyumba ya pili kutoka kwetu, mfupi, mnene, mwenye sauti ya kuita watu shambani. Zamu yake ilipofika alisema maneno yaleyale kila mara: "Mimi Mzaramo wa Mapinga. Baba Mzaramo, mama Mzaramo, hata mbuzi wetu Wazaramo. Mwingine aseme."

Bibi yangu alisema kidogo kuliko wote. "Sisi watu wa Kaole," basi. Neno Shirazi waliliongeza wenzake, na mimi nikalichukua nikaenda nalo shuleni, nikawatambia wasichana ambao hata hawakuuliza. Nilikuwa na ushahidi pia. Bibi alipojikwaa kidole hakusema "mama wee" kama watu wengine, alisema "mayu". Nikajua kwa hakika kwamba hicho ndicho Kishirazi.

Sasa, Bi Tatu alikuwa na asumini ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Si asumini hii ya kawaida ya vijani vitano sita. Ua lake lilikuwa limekunjana tabaka juu ya tabaka kama kitunguu, zito, na harufu yake ilitangulia kuingia uani kabla ya mwenyewe. Wanawake waliliita Bibi Mnene. Bi Tatu hakumpa mtu tawi. Alileta debe lake, akaliweka mbele yake, akalifunika kwa ncha ya kanga kila aliposogelewa. Bibi yangu alikuwa ameomba tawi mara tatu. Mara ya tatu alijibiwa, "Bi Zuhura, wewe mtu wa adabu, usiniombe kitu nitakachokunyima." Njiani siku hiyo bibi hakunitania hata kidogo, na mimi nikaapa moyoni kwamba tawi lile atalipata.

Njia ya kulipata alinipa Mama Nuru bila kujua. Huyu alikuwa mwanachama mwenzao na jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyekuja jikoni kwetu kila asubuhi kuomba moto na kuacha maneno. Siku moja alikuwa akitusimulia ugomvi wa sokoni, akaeleza jinsi mwanamume mmoja Mnyamwezi alivyoingia kwa muuza samaki Mzaramo, akachukua samaki mkubwa kuliko wote na kuondoka naye huku akicheka.

"Hakupigwa?" nikauliza.

"Apigwe kwa lipi? Hao watani, tangu siku za misafara. Mnyamwezi akichukua kitu cha Mzaramo, Mzaramo hana la kufanya ila kumtukana. Na akishamtukana ndiyo wamesalimiana."

"Hata tawi la mti?"

"Hata mlango," akasema Mama Nuru, akachukua kaa lake la moto akaenda zake.

Hesabu yangu ilikuwa fupi. Bi Tatu ni Mzaramo. Anayeweza kumchukulia kitu ni Mnyamwezi. Kwa hiyo hapo palihitajika Mnyamwezi tu, na mimi nilikuwepo.

Alhamisi iliyofuata nilisubiri mpaka Bi Tatu alipoinama kuchagua uzi. Nikatoka nyuma ya mgongo wa bibi, nikavunja kijiti cha Bibi Mnene, nikakiinua juu na kusema kwa sauti niliyokuwa nimeifanyia mazoezi chooni: "Utani huo, Bi Tatu. Mimi Mnyamwezi. Bibi yangu Mnyamwezi."

Nilitazamia kicheko. Nilitazamia kutukanwa, nami nilikuwa nimejiandaa kutukanwa kwa furaha. Bi Tatu aliinua mkono kama wa kunizaba kofi, kisha mkono ukabaki hewani, na nikaona hanitazami mimi. Alikuwa akimtazama bibi. Wote walikuwa wakimtazama. Ingetosha bibi aseme, "Mtoto huyu ana wazimu, sisi watu wa Kaole," na mambo yangekwisha, nikafinywa sikio, vikuba vikaendelea kutungwa. Walimpa nafasi ya kusema hivyo. Naikumbuka nafasi ile, maana nilisikia kuku wa jirani akiparura taka.

Bibi alichomeka sindano yake kwenye ukingo wa kanga, akajitwika debe lake, akasema, "Bi Shufaa, kwaheri," akatoka. Debe dogo aliniachia mimi. Nilimfuata nyuma, debe kichwani, kijiti cha wizi mkononi, na hakugeuka hata mara moja.

Hakunipiga. Hakunisema. Alinipakulia chakula, nikala. Laiti angenipiga, ningejua nimefanya nini. Kijiti nilikipanda mwenyewe kwenye kopo, nikakinywesha maji asubuhi, mchana na jioni kwa ajili ya toba, na siku ya sita kilikuwa kimeoza.

Alhamisi ya kwanza bibi hakwenda chamani. Alisema goti linamsumbua. Alhamisi ya pili goti lilikuwa zima kabisa, akalitumia kufulia mashuka yasiyokuwa machafu. Watu walipopita na kubisha hodi aliniambia niseme amelala. Mama Nuru aliomba moto mlangoni, akapewa mlangoni. Uani madebe yalianza kunyong'onyea, nikayamwagia maji, lakini maua yana tabia ya kumjua mwenyewe, au labda niliyazidishia kama nilivyomzidishia marehemu kijiti. Hapo ndipo nikakumbuka utaratibu mwingine wa chama, nikashindwa kula: aliyekosa Alhamisi tatu huhesabiwa ametoka, na wenzake huenda kwake kugawana madebe.

Alhamisi ya tatu walikuja. Wote saba, kanga zao za kutokea, kama watu wanaokwenda kutoa pole. Bi Shufaa alitangulia. Nikawaamkia shikamoo mmoja mmoja, wakaitika marahaba mmoja mmoja, na safari hii sikuweza kusema amelala kwa sababu bibi alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Mnafuata madebe," akasema bibi. "Yako uani. Piteni."

"Hatuyachukui bila nasaba," akasema Bi Shufaa kwa sauti yake ileile ndogo. "Utatutajia, Bi Zuhura."

Wakaketi mkekani. Bibi akasimama mbele ya madebe yake tisa, akaanza kuyataja kutoka kushoto. Waridi la kwanza kapewa na mke wa mwalimu wa chuo. La pili na mama mmoja wa Pangani, Mungu amrehemu. Rehani kapewa na Bi Shufaa mwenyewe, na Bi Shufaa akatikisa kichwa kukubali. Aliendelea hivyo, kavu, kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine, mpaka alipofika debe la mwisho, lile lililokuwa limepandwa kivumbasi.

Debe hilo lilikuwa mzaha wa chama. Kivumbasi huota chenyewe kila jalala, watu hufukuzia mbu, na bibi alikilea kwenye debe bora kuliko yote aliyokuwa nayo. Kila alipoulizwa nasaba yake alijibu kwamba kimejiotea.

"Hiki," akasema, akavunja jani, akalisugua kiganjani. "Hiki mbegu yake alinipa mama yangu. Mama yangu alishuka na msafara kutoka Unyanyembe, kwa Wanyamwezi, msichana mdogo, na nyumba aliyofikia Kaole hakuichagua yeye. Watu wa nyumba ile walikuwa Washirazi. Sisi tulikuwa wa nyumba ile. Alipoona kivumbasi kimeota nyuma ya jiko lao alilia, maana hata kwao kilikuwapo. Hicho ndicho kitu pekee alichonionyesha akasema, hiki cha kwetu." Akakung'uta kiganja. "Nilipohamia mjini nilisema natoka Kaole. Si uongo. Mengine mlinimalizia wenyewe, nami nikawaacha. Mtoto hakuambiwa na mtu. Alibahatisha, kwa upumbavu wake. Basi, chukueni."

Hakuna aliyechukua. Mimi, niliyeelewa sasa lile "mayu" lilitoka wapi, nilikuwa nimejibanza kwenye nguzo ya jiko nikingoja kuona kama bibi yangu ataachwa bila watu kwa ajili yangu, na nadhani sijawahi tena kungoja hivyo, hata majibu ya mtihani wa kuingia sekondari.

Aliyeanza ni Mama Nuru. "Mimi," akasema, akitazama kucha zake, "mama yangu Mdoe wa Mkange. Nimekuwa nikiwaambia Mtanga. Watu wanasema Wadoe walikuwa wakila watu. Sasa atakayecheka hapa ahesabu vidole vyake kabla hajaondoka."

Hawakucheka, wakiwa bado wanamtazama Bi Shufaa, kwa sababu mkao wa chama kile ulikuwa ukitokana na uso wake. Yeye alikuwa amefumba macho. Akayafumbua.

"Baba alikuwa Mshihiri, hilo kweli," akasema. "Alikuwa akitembeza kahawa. Mama alikuwa Myao, na alifika hapa kama alivyofika mama yako, Zuhura. Nyumbani tulikubaliana tuseme ametoka Pemba. Pemba kuna maji katikati, hakuna wa kwenda kuuliza."

Nilisikia jina likitajwa bila Bi. Kwa umri wangu nilidhani ni kukosa adabu.

Basi yakafunguka. Mmoja bibi yake Mmakua, mwingine babu yake Mluguru aliyekuja kubeba chumvi akaona mke. Mmoja akasema hajui kabisa, aliulizia akapigwa, na wenzake wakamwambia huyo ndiye mwenye nasaba ndefu kuliko wote. Walicheka sasa, wengine wakifuta macho kwa kanga, wakikatizana, kama watu waliovua viatu vilivyokuwa vikiwabana tangu Idi.

Bi Tatu peke yake ndiye aliyekuwa amenuna. Alikaa mikono imekunjwa juu ya tumbo, mpaka wenzake wakamgeukia.

"Miaka kumi na miwili," akasema. "Miaka kumi na miwili nimekaa nyumba ya pili kutoka kwa mtani wangu, na kila asubuhi namwamkia kwa heshima. Bi Zuhura umeamkaje, Bi Zuhura goti vipi. Nimepata hasara gani mimi? Na ile pua niliiona siku ya kwanza, nikajisemea, Tatu, pua ile imetembea na mizigo."

"Pua imebeba mizigo," akajibu bibi, "lakini haikuzaliwa Mapinga ikakaa hapo hapo kama kisiki."

Niliruka kwa hofu. Sikuwahi kumsikia bibi akimjibu mtu hivyo. Bi Tatu alipiga makofi mara moja, akasema, "Haya, ndiyo hivyo," na sura yake ikalainika kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Madebe hayakuondoka. Alhamisi iliyofuata bibi aliingia uani kwa Bi Shufaa, akaenda moja kwa moja kwa Bibi Mnene, akavunja tawi la urefu wa mkono mzima mbele ya mwenyewe, na Bi Tatu akamtukana mpaka kwenye mifupa ya babu yake huku akimshikia debe lisianguke. Lile tawi lilishika. Changu mimi, kumbukeni, kilioza.

Kwa miaka sita walitukanana asubuhi na jioni juu ya ukuta wa Mama Nuru, na mimi nikazoea, kama mtu anavyozoea kuishi karibu na mashine ya kukoboa. Nilikuwa nimekwisha kwenda bweni niliposikia bibi ni mgonjwa, na nilipofika nilikuta watu wamejaa msibani. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nimevaa soksi nyeupe, nimejifunza adabu za kitabuni, na huzuni yangu niliitaka iwe safi.

Bi Tatu aliichafua. Alikuwa amevaa kanga ya bibi, ameifunga upande kama bibi alivyoifunga, anachechemea mguu wa goti bovu, anakohoa kikohozi cha bibi na kulalamikia chai kwa sauti ya bibi hasa, na wanawake walikuwa wakicheka na kulia kwa pamoja. Wanaume walipokuja kuchukua jeneza alijilaza kwenye kizingiti. "Hatoki mtu hapa," akasema. "Huyu Mnyamwezi hajaniaga." Walimsihi, wakambembeleza, wakamwinua mabega na miguu. Alipowekwa kando alibaki pale chini amepiga magoti, hakuchekesha tena.

Nimehitaji miaka mingi kuelewa nilichokiona. Kazi ile ya msibani haifanywi na rafiki, wala na jirani mwema, wala na mtoto wa mtu. Ni ya mtani, na mtani humpati usipokuwa na kwenu. Mtu wa Kaole aliyemaliziwa na wengine angezikwa kwa heshima zote, kimya, na hakuna ambaye angejua jinsi ya kumlilia. Nimejisuta kwa ajili ya siku ile ya uani kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na bado naona nilikuwa mjinga. Ila siku hizi sijui kama ningerudi nyuma ningekaa nimetulia nyuma ya mgongo wake.

Siku hiyo ya mazishi sikuelewa lolote. Nilikwenda kukaa kando ya Bi Tatu mkekani, soksi zangu nyeupe zimekunjwa chini yangu, nikamwambia kwa Kiswahili cha shule kwamba alichofanya ni aibu, na kwamba marehemu huheshimiwa. Alinitazama, macho mekundu, pua inachuruzika, akaniambia:

"Bibi yako kanitukana miaka sita na mimi nimemtukana miaka sita. Leo ndiyo ninyamaze, kama mgeni? Sogea huko, umenikalia kanga."